Bosi, Ni Wewe Kweli?

Jamani, mtu apumzike wapi? Asubuhi anakukimbiza bosi, jioni anakukimbiza tapeli, na maneno yao ni yaleyale: "Fanya sasa hivi, usimwambie mtu, nipo kikaoni." Halafu wahasibu wakilizwa tunasema hawana akili. Akili wanazo. Wamezoea kufokewa tu.

Tazama mtego ulivyosukwa. Barua pepe inaingia Ijumaa jioni, benki inakaribia kufunga, wewe mkono mmoja umeshashika begi. Jina la mkurugenzi liko pale juu, limenyooka. Lakini jina kwenye barua pepe ni fulana, yeyote anaivaa. Liguse, anwani kamili itokee, kisha isome herufi kwa herufi: r na n zikibanana zinageuka m, l inageuka 1, na jina la kampuni limeota kistari ambacho jana hakikuwepo. Na anwani ikiwa sahihi, bado usishangilie. Huenda sanduku la mkurugenzi limeshavamiwa, jamaa kajikalia humo anasoma barua zenu, anajua nani anawadai na lini mnalipa. Siku ya malipo ikifika, ankara inakuja na nembo ileile na kiasi kilekile. Kilichobadilika ni namba ya akaunti tu.

Dawa ni kupiga simu. Usijibu barua ile, maana utakuwa unamuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Wala usipige namba iliyo chini ya ankara ile, hiyo nayo ni yake. Chukua namba iliyokuwa kwenye faili kabla barua haijaja, msomeane akaunti kwa mdomo, kisha malipo yaidhinishwe na watu 2. Hapo sasa ndipo bosi wa kweli anaponuna: "Yaani hunijui sauti?" Mheshimiwa, sauti yako kompyuta inaiiga kwa kusikiliza kipande kifupi cha video ya sherehe ya ofisi. Ukinuna kwa kuulizwa, unawafanyia matapeli kazi bila mshahara.

Na ile ya kadi za zawadi! Mkurugenzi mzima, mwenye idara ya manunuzi, anakuomba wewe ukanunue kadi za kununulia vitu, ambazo mwenye namba ndiye mwenye hela, uzikwangue, umpigie picha namba. Tapeli anazipenda kwa sababu namba ikishatumika hairudi, na hakuna akaunti ya kumfuatilia.

Simu nayo ina balaa lake. Namba inayoonekana kwenye kioo inaweza kughushiwa, kwa hiyo kuandikwa jina la benki si ushahidi. Jamaa anajua jina lako, pengine na tarehe yako ya kuzaliwa. Amebakiza tarakimu 6 tu, zile za kuthibitisha kwamba ni wewe. Zinaingia kwenye meseji iliyoandikwa USIMPE MTU YEYOTE, na sisi tunamsomea. Tena polepole. Akikosea, tunarudia! Kata simu, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki.

Mwingine hataki hata tarakimu. Anakuelekeza ubonyeze **21*, namba yake, kisha #, eti "kurekebisha laini". Umemwelekezea simu zako zote, na benki ikipiga kukuhakiki, anapokea yeye. Kwenye mitandao mingi, *#21# inakuonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwingine, na ##002# inafuta yote. Mtandao ukikukatikia wewe peke yako, wenzako wanaongea, usishinde ukizima na kuwasha: huenda laini yako imeshahamishiwa kwenye kadi ya simu (SIM) ya mtu mwingine. Azima simu, pigia kampuni ya simu na benki hapohapo.

Kuna na anayelia kwamba amekutumia hela kimakosa. Meseji ya kupokea hela hata mtoto anaweza kuiandika, hivyo angalia salio, siyo meseji. Na salio likiwa limeongezeka kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie aombe kampuni iliyotuma iurudishe muamala. Hela yenyewe inaweza kuwa ya wizi, ikivutwa baadaye unalipa mara mbili.

Ya kazi za mtandaoni siyasemi sana. Mwajiri anayekudai hela kabla hujamfanyia kazi si mwajiri. Ila wanaokulipa ubonyeze alama ya kupenda kwenye video ni wajanja: malipo madogo ya mwanzo yanafika kweli, ndiyo chambo, halafu unaambiwa uweke amana "kufungua ngazi".

Ukishalizwa, usione haya hadi Jumatatu. Pigia benki sasa hivi, kwa sababu hela ikihamishwa akaunti ya pili na ya tatu ni vigumu kuikamata. Badilisha nywila kwa kifaa kingine, usifute meseji, kaandikishe polisi. Kisha jifute machozi upesi, maana kesho yake simu itaita tena, sauti ya upole: "Pole sana, tunarejesha fedha zilizoibwa. Lipia tu ada ya kufungua faili." Majina ya waliolizwa huuzwa, bwana. Hata kulia, mtu haachwi alie kwa nafasi.