Naapa Nitarudi Kimara

Umeme umekatika nikiwa katikati ya sentensi ya kuipenda nchi yangu. Nilikuwa nimefika pale pa "nitarudi nyumbani kwa sababu", kidole kiko hewani, mara giza. Feni ikazunguka mara tatu za kuaga, ikasimama. Kompyuta yenyewe ya kuazima, betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa mahututi. Aya nzima imekwenda. Tena ile ya nne, niliyoeleza uzalendo wangu mpaka mwenyewe machozi yakanilengalenga.

Sasa niko gizani naandika kwa simu, chaji asilimia 19, nisije nikapasuka.

Mpango wa masomo, ile barua ya kuombea viza ya kwenda kusoma Kanada! Aliyewahi kuuandika anajua, ambaye bado Mungu amwepushe. Unamwandikia mtu akuruhusu uende kwake, na humo humo unamwapia kwamba kwake hupapendi kihivyo. Ukiisifia Kanada sana, unataka kubaki. Ukiisifia kidogo, si ukasome kwenu? Ni sawa na kwenda kuposa binti wa watu huku unamhakikishia baba mkwe kwamba baada ya miaka miwili utamrudisha, hajachanika.

Na mimi ni mtu mzima. Miaka 36, karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa nondo na mabati, nataka stashahada ya ugavi huko Winnipeg. Afisa wa viza ana hofu nikifika nitang'ang'ania. Winnipeg, ambako Januari baridi inaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri! Mimi ambaye manyunyu yakianza tu hapa Kimara naulizia sweta langu liko wapi, ndiye nikajifiche huko?

Mwaka jana walinijibu kwa mistari michache. Hawajaridhika kwamba nitaondoka Kanada muda wangu ukiisha, na kifungu cha 216 cha kanuni zao za uhamiaji kimewekwa hapo kama vile nimekamatwa na mali ya wizi. Dola 150 za maombi, dola 85 za alama za vidole, za kwao hizo, hazirudishwi. Hela yangu imekwenda Kanada, imebaki Kanada, na hakuna aliyeiuliza ina mpango gani wa masomo.

Lakini na mimi nilikosea, niliipeleka barua yangu steshenari.

Niliambiwa kuna dogo Mwenge ni mtaalamu, barua zake zinapita. Nikaenda na bahasha yangu ya kaki, nimechomekea. Banda lenyewe mlango mmoja: fotokopi, laminesheni, kadi za harusi, vocha, na jokofu la maji. Dogo akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, moyo ukaniuma kidogo.

"Unamwandikia mtoto, mzee?"

"Ni mimi mwenyewe."

Akaniangalia, akaiangalia bahasha. "Poa, braza." Yaani uzee wote nimevuliwa kwa sekunde moja kwa sababu naenda shule.

Akafungua faili. Barua ipo tayari, ya mteja mmoja wa unesi, alipata viza. Kazi, anasema, ni kubadilisha maneno tu. Akabonyeza hapa, palipoandikwa unesi pakawa ugavi. Akabonyeza pale, wagonjwa wote wakawa makontena. Shilingi elfu 15. Nikasema ngoja kwanza nisome. Nikakuta tangu utotoni nina wito wa kuhudumia makontena. Nikakuta bibi yangu alifariki mikononi mwangu kwa kukosa mnyororo wa ugavi. Bibi yangu yuko Korogwe, anakula makande na meno yake mwenyewe!

"Braza, hapo ndipo panapowagusa," dogo akasema.

"Mfufue."

Akamfufua, shingo upande. Tukafika kwenye aya ya kitu gani kitakachonirudisha nyumbani. Wakati huo nyuma yangu kuna foleni ya watu sita, na mnajua foleni ya steshenari haina siri. Ukitoa cheti chako cha kidato cha nne wanakusaidia kuhesabu alama.

"Una mke?" dogo akauliza.

"Bado."

Foleni ikaguna. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akasema, "Andika ana mchumba." Dada aliyefuata kadi za kitchen party akauliza mchumba mwenyewe ni nani, kwa sauti ya mtu anayetaka jina na kazi. Nikasema tuache hilo.

"Mali je?"

"Nina kiwanja Chanika."

"Hati unayo?"

Hapo nikakohoa. Kile kiwanja tuliuziwa watu wawili, kesi iko baraza la ardhi tangu 2019. Mara ya mwisho kuitwa tuliambiwa mwenyekiti ana udhuru. Nilieleza kwa sauti ya chini, lakini mzee mmoja aliyekaa kwenye ndoo, kofia ya kiua, akanyanyua kichwa.

"Si ndiyo hiyo sasa!" akasema. "Mwandikie ana kesi ya ardhi. Mwenye kesi ya ardhi haendi mahali akakaa. Mimi nina mwaka wa kumi na moja, kwenda Bagamoyo tu kumzika shemeji nilirudi siku ile ile."

Foleni nzima ikaafiki. Yule mama akasema kaka yake aliacha kazi Muscat kwa ajili ya ukuta wa jirani. Dogo akauliza kesi kwa Kiingereza cha viza inaandikwaje. Mzee akasema andika ana shauri zito la kifamilia linalohitaji awepo. Dada wa kadi akasema aongeze na vikoba. Nikajikuta nami nachangia: nina deni la kausha damu, wale jamaa wana picha yangu, namba za wadhamini watatu na ramani ya kwa mama. Afisa akitaka mtu wa kumhakikishia kwamba nitarudi, awapigie wale. Hakuna nchi duniani itakayonitafuta kwa mapenzi kama yale.

Dogo hakuandika hata moja. Alisema viza haitaki ukweli, inataka mpangilio.

Nikalipa, nikasaini, ikatumwa. Jibu la kukataliwa lilipokuja ndipo nikakaa nikaisoma barua yangu yote kwa utulivu, mstari kwa mstari. Ukurasa wa pili, chini kabisa, niliahidi kurudi haraka kwa sababu kama mama wa watoto wawili, mdogo bado namnyonyesha. Na picha yangu ya pasipoti iko pale pale kwenye maombi, na ndevu zote.

Ndiyo maana safari hii naandika mwenyewe.

Mengine mnayajua. Mwenyekiti wa mtaa ana muhuri lakini hana wino. Mtihani wa Kiingereza nimeupita, ila mke wa mjomba ananiita "Mzungu" mpaka msibani. Chuo wameleta barua, jimbo nalo likaleta ya kwake ya kuthibitisha kwamba nimo kwenye mgao wao wa wanafunzi. Yaani mkoa wa watu umenikubali kabla ya mwenyekiti wa mtaa wangu.

Na hela. Nilipoomba mara ya kwanza walitaka uonyeshe dola 20,635 za kuishi mwaka mmoja, ada na nauli mbali. Tangu Septemba 2025 ni 22,895. Za madafu ni kama milioni 40. Mjomba wangu wa Singida ameuza ng'ombe kaziweka benki, na stetimenti inatakiwa ionyeshe miezi minne nyuma, basi kila asubuhi ananipigia: "Mpwa wangu, bado wanaziangalia?" Namwambia bado mjomba. "Zinachakaa hizo, waambie waziangalie haraka, kuna shamba hapa linauzwa."

Asilimia 11.

Hivi kweli, nimwandikie nini? Kwamba napenda kuamka saa kumi alfajiri kugombea mlango wa mwendokasi? Nimwambie nitarudi kwa sababu ya mama, ambaye kila akipiga ananiuliza nasubiri nini? Kwetu watu hawaandiki kwamba watarudi. Wanaaga tu, wanabeba begi, mwezi wa kumi na mbili ukifika unawaona stendi na kuku.

Ngoja. Nimechungulia dirishani, nyumba ya pili kuna taa. Na ya tatu. Na televisheni inasikika, mpira unaendelea. Kumbe ni sisi tu, luku imeisha! Wapangaji sita mita moja, halafu mtu wa chumba cha mwisho amenunua jokofu la kuuzia barafu, kwenye mchango anatoa elfu 5 kama sisi wenye taa moja na feni. Nilishasema kwenye kikao. Nikaambiwa nina roho mbaya. Barafu zake zenyewe shilingi mia mbili, na hata mkopo hatoi.

Mama Zuhura huyo anagonga. "Baba Kanada! Baba Kanada, fungua! Si zamu yako mwezi huu?"