Maka naka

Mke wangu ameuliza lile swali ambalo kila aliyeposa kwa nyimbo za Kihindi analiogopa. "Baba Zuhura, ule wimbo uliokuwa ukiniimbia tukitoka sinema ya Avalon, maana yake nini hasa?"

Kihindi changu chote nimekiokota kwenye sinema za Jumapili. Sikio linadaka, mdomo unafuata kadiri unavyoweza. Enzi hizo nilimwambia "Eena Meena Deeka" ni sifa za mwezi wa kumi na nne, akaamini, tukaoana. Ningejuaje kwamba miaka thelathini na zaidi baadaye atataka tafsiri neno kwa neno?

Nikaandika maneno kwenye karatasi, nikaenda kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Bwana, hii haina maana. Hata sisi tunaimba hivyo hivyo."

Jamani! Eti mwaka 1957 mtunzi C. Ramchandra aliwasikia watoto wakicheza nje, wanachaguana kwa kile kihesabio cha Kizungu, "eeny, meeny, miny, moe", naye akakidaka. Yaani mimi nimekata tiketi, nimevaa suruali ya kuazima, nimetoa machozi, kumbe ni kelele za watoto wa jirani!

Nikamuuliza ule aliocheza mwigizaji Madhuri Dixit 1988, "Ek Do Teen", maana ule ulikuwa unanikaba koo kabisa. Anahesabu, akasema. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu. Watunzi Laxmikant na Pyarelal waliweka namba zishike tu nafasi ya maneno, mshairi Javed Akhtar akaona zibaki, akazigeuza tarehe za mtu anayemngoja mpenzi. Wenzetu wana bahati. Mimi nikimhesabia mwenye nyumba tarehe mpaka kumi na tatu, ananionyesha mlango.

Na usidhani kila usichokielewa ni upuuzi. "Ramaiya Vastavaiya" nilijua ni manjonjo ya ulimi tu, kumbe ni Kitelugu, mtu anauliza: Ramaiya, unakuja? Sasa mtu ashike lipi?

Nikapita kwa fundi wangu wa cherehani, Mgoa, kuchukua suruali. Nikawa naunguruma kile kipande cha "Eena Meena Deeka" kinachosema "maka naka, maka naka". Fundi akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Hiyo Kikonkani, lugha ya kwetu Goa. Mwanamuziki mmoja Mgoa aliichomeka humo. Maana yake 'sitaki'."

Sitaki! Kwenye wimbo mzima usio na maana, neno lenye maana ndilo hilo, na ndilo nililokuwa nikilirudia mara mbili mbili huku nimemshika binti wa watu mkono.

Nilirudi nimenyamaza. Nilichosahau ni kwamba mke wa fundi na mke wangu wako kikoba kimoja. Jana baada ya magharibi nikaita, "Mama Zuhura, chai bado?"

Sauti ikatoka jikoni, tena kwa mahadhi yenyewe:

"Maka naka, maka naka."