Mkopo wa nyumba haukuwa wa wote

Kwamba sheria ya 1944 (GI Bill) iliwapa askari wote wa Marekani waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia nafasi ya kumiliki nyumba, kama makala moja inavyodai, ni kweli kwenye karatasi tu. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini serikali ilidhamini mkopo tu. Mtoaji alikuwa benki, ambayo mara nyingi ilimkatalia Mweusi, hata awe na nishani kifuani. Huko Levittown, kitongoji cha New York kilichojengwa baada ya vita, mikataba ya awali ilikataza asiye Mzungu kuishi katika nyumba, isipokuwa mtumishi wa ndani, yaani kufua na kupika ruksa! Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi huo ilipitishwa 1968. Wasomaji mlioko Marekani, je, vitongoji hivyo vimechanganyika kweli siku hizi?