Kinshasa, tufungulieni mto

Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wakija Kinshasa huuliza mapema: hapa mtu anatembelea wapi? Wao wamezoea Ziwa Kivu na moto wa volkano ya Nyiragongo, na mji mkuu wanaujua kwa muziki, foleni na vumbi. Jibu langu halibadiliki: nenda mtoni. Ndipo linapokuja swali gumu zaidi. Mtoni napitia wapi?

Haliingii akilini, kwa mji uliozaliwa na maji. Mto Kongo una urefu wa kilomita zipatazo 4,700, na kwa wingi wa maji hakuna unaoushinda duniani ila Amazon. Ukikaribia Kinshasa unatanuka kama ziwa, ndiyo Pool Malebo, halafu unabanwa na vilima na kuanza kuporomoka, poromoko baada ya poromoko, mpaka mji wa bandari wa Matadi. Meli haipiti hapo. Ndiyo sababu ikajengwa reli ya Matadi, iliyogharimu roho za watu wengi na kukamilika mwaka 1898. Mizigo ikawa inashuka kwenye treni na kupanda meli za kwenda Kisangani, na vijiji vya ukingoni vikawa jiji. Ng'ambo iko Brazzaville, miji mikuu miwili ikitazamana juu ya maji.

Sasa pita mtaa wa Gombe, hapo ukingoni, uangalie. Ukingo umeshikwa na makazi ya mabalozi, ofisi za Serikali, bandari, hoteli na kuta za watu wenye uwezo. Ipo sehemu ambayo mtu anaweza kutembea jioni akipunga upepo, na wakazi wanaipenda kweli, lakini ni kipande tu. Hata hapo, kabla ya kutoa simu upige picha, hakikisha askari hawatakuona vibaya. Mtoto wa Ngaba au Makala, mitaa iliyo mbali na ukingo, anaweza kukua mpaka akamaliza shule bila kuchovya mguu katika mto unaobeba jina la nchi yake. Hilo linaniuma.

Kwangu mimi pazuri kuliko pote mjini ni Kinsuka, upande wa magharibi, pale mto unapoacha utulivu wake. Nenda wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, maji yakiwa yamepungua. Miamba inatokeza, mchanga unaonekana, na ngurumo ya maji unaisikia kabla hujayaona. Unakaa na samaki wako na kwanga, ule mkate wa muhogo, unatazama mkondo unavyojipinda na kujipiga kwenye mawe, na saa zinapita. Pembeni yako kuna wanaume na wanawake, na watoto pia, wanaoponda mawe kwa nyundo. Mwamba uleule unaolipamba eneo ndio unaogeuzwa kokoto za kujengea nyumba za mjini. Siwezi kuwalaumu, kokoto ndiyo karo na ndiyo chakula cha jioni. Wa kulaumiwa ni utaratibu unaomwachia mwenye fedha akate kiwanja hadi majini na kupandisha ukuta, huku kila mvua ikiteremsha chupa za plastiki kutoka mitaani kupitia mito midogo kama Kalamu.

Ukitaka kuona jinsi mahali panavyoweza kutunzwa, panda vilima vya Mont Ngafula, ushuke bonde la mto Lukaya mpaka Lola ya Bonobo, makao ya kulelea bonobo, mnyama wa jamii ya sokwe. Uliza kwanza hali ya njia, maana baada ya mvua hata wewa, yaani pikipiki ya abiria, hukataa kwenda. Makao haya yaliasisiwa na Claudine André mwaka 1994, na tangu 2002 yako hapo penye maporomoko madogo ya Lukaya. Bonobo porini hapatikani popote duniani isipokuwa Kongo yetu, tena kusini mwa mto tu. Sokwe wa kawaida wako ng'ambo ya pili, na mto ndio ukuta kati yao. Wengi wa wanaoletwa Lola ni yatima ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama. Kila mtoto hukabidhiwa mwanamke wa kumlea, anayeitwa mama, maana bila kukumbatiwa hufa kwa huzuni. Tangu mwaka 2009 baadhi yao wamerudishwa msituni, kwenye hifadhi ya Ekolo ya Bonobo, Équateur. Peleka watoto wako. Wanafunzi huchangamka sana wakisikia kwamba kwa bonobo majike ndio wenye kauli.

Jirani kuna ziwa la Ma Vallée, pazuri kwa Jumapili ya familia. Mwenye siku nzima aende bustani ya mimea ya Kisantu, kilomita kama 120 kwa barabara ya Matadi, iliyoanzishwa mwaka 1893 na Frère Justin Gillet. Maporomoko ya Zongo, ambako mto Inkisi unaanguka mita zipatazo 65, nakushauri ulale hukohuko.

Lakini barabara hiyohiyo ya Matadi ilikatika Desemba 2022, pale Matadi Kibala, katika mvua zilizoua watu zaidi ya 100 mjini. Vilima vya Mont Ngafula ni vya mchanga. Ukikata miti na kujenga kwenye makorongo, mvua inakuja kudai njia yake. Kwa hiyo kulinda bonde la Lukaya ni kulinda nyumba za watu wanaoishi chini yake.

Uongozi wa mji ungeanzia Kinsuka. Usimamishe ugawaji wa viwanja ukingoni, uweke njia ya miguu, kivuli, vyoo na mapipa ya taka, na kuingia kuwe bure. Wale wanaoponda mawe waajiriwe kwanza kuliko mtu yeyote: hakuna anayejua kama wao mahali salama pa kukanyaga na mwezi ambao maji hurudi juu. Na shule za serikali zipewe mabasi ya kupeleka wanafunzi Lukaya, angalau mara moja kabla hawajamaliza shule ya msingi.