Wodi ya wazi au chumba cha mtu mmoja?

Hospitali mpya inapozinduliwa siku hizi, sifa ya kwanza kutajwa ni vyumba: vya mtu mmoja, vyenye kiyoyozi, televisheni na choo cha ndani. Wodi ndefu ya vitanda ishirini, yenye madirisha pande mbili na meza ya nesi katikati, inazungumzwa kama aibu ya zamani ambayo tumechelewa kuibomoa. Kiu ya vyumba naielewa kabisa. Ninachokihofia ni kwamba tunapoibomoa wodi tunabomoa na mambo mawili yaliyokuwa yakiokoa maisha bila kelele: hewa, na jicho la muuguzi.

Wanaotaka vyumba wana hoja nzito. Aliyewahi kuuguza mtu katika wodi ya wazazi iliyofurika anajua hali ilivyo: wanawake wawili kitanda kimoja, wamelala mzungu wa nne, kila mmoja na kichanga chake, na mwenzao ametandika kanga sakafuni akisubiri kitanda kipatikane. Daktari anapopita na wanafunzi wake, maswali ya siri kuliko yote yanaulizwa kwa sauti na jirani anasikia majibu. Mgonjwa akiulizwa kama anatumia dawa za kufubaza VVU, anatazama kitanda cha pili, kisha anasema hapana. Hilo si suala la heshima peke yake. Dawa atakayoandikiwa inategemea jibu lile, na dawa mbili zisizopatana zinaweza kumdhuru. Ongeza magonjwa ya kuhara, ambayo husambaa kwa mikono na vyoo vya pamoja: hapo chumba chenye choo na sinki lake kinaishinda wodi ya wazi, hakuna ubishi.

Uingereza walilijaribu jambo hili kwa ukubwa. Hospitali ya Pembury, karibu na Tunbridge Wells, ilifunguliwa mwaka 2011 ikiwa na vyumba vya mtu mmoja tu kwa wagonjwa wake wa kulazwa. Watafiti walioifuatilia walikuta wagonjwa wengi wamefurahia faragha na usingizi, lakini baadhi walilalamika kwamba wamejikuta wapweke. Wauguzi nao walitembea zaidi kwa zamu moja na hawakuweza tena kuwaona wagonjwa wao wote kwa wakati mmoja, na ushahidi kwamba maambukizi yalipungua haukuwa wa wazi. Na wale wana kengele kila kitanda, na fundi wa kuitengeneza ikiharibika.

Sasa ulete mchoro uleule katika hospitali ya wilaya ambako usiku muuguzi mmoja anabeba wodi nzima. Katika wodi ya wazi, akiwa mezani anaandika mafaili, masikio yake yanafanya kazi. Anasikia pumzi iliyobadilika kitanda cha saba. Anaona dripu iliyokwisha, na mzee anayejaribu kushuka kitandani peke yake. Hata wagonjwa wenyewe humwita: "Nesi, huyu mama hali yake si nzuri." Wapange wagonjwa walewale ndani ya vyumba ishirini kwenye korido ndefu, milango imefungwa, na atakayegundua hatari ni ndugu anayemuuguza, kama ameruhusiwa kulala humo. Asiyekuwa na ndugu ndiye ninayemwogopea.

Upande wa hewa, ushahidi ni mkali kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima vyumba 70 katika hospitali nane za Lima, nchini Peru. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika wastani wa mara 28 kwa saa; vyumba vilivyotegemea mashine vilihesabiwa mara 12. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, ndiyo yaliyoongoza, yakiyaacha mbali majengo mapya zaidi yanayotegemea madirisha vilevile. Kiyoyozi cha ukutani tunachokisifia hakileti hewa mpya hata kidogo. Kinapoza ileile iliyomo ndani, pamoja na vijidudu vya anayekohoa, na ili kipoze vizuri tunafunga madirisha.

Tugela Ferry, Afrika Kusini, iliuonyesha ulimwengu gharama ya wagonjwa kupumuliana hospitalini. Kati ya wagonjwa 53 waliogundulika huko na kifua kikuu sugu kuliko vyote, walikufa 52, na wengi wao waliwahi kulazwa hospitalini katika miaka miwili iliyotangulia. Walikwenda kutibiwa, na dalili zote zilionyesha kwamba wengine waliambukizwa hukohuko.

Somo hilo lilichukuliwa kwa uzito Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako hospitali ya wilaya ya Burera ilifunguliwa mwaka 2011. Korido zimewekwa nje ya majengo, ili watu wasisubiri wakipumuliana ndani. Madirisha ya juu yanatoa hewa ya moto, mapangaboi makubwa yanaisukuma, na taa za mionzi zilizofungwa juu ya vichwa vya watu zinaua vijidudu vya hewani. Ndani ya wodi kuna ukuta mfupi katikati. Vichwa vya vitanda vimeuegemea, kila mgonjwa anatazama dirisha na vilima badala ya kutazamana na mgonjwa mwenzake. Kuta za nje ni za mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa palepale. Ni wodi ya wazi, na bado ina staha.

Madirisha nayo yana dosari zake, tusijidanganye. Takwimu za Lima ni za madirisha yaliyofunguliwa, na Makete au Njombe mwezi wa Juni hakuna mgonjwa atakayekubali yabaki wazi usiku. Pwani kuna mbu, na wavu tunaouweka kuwazuia unapunguza upepo. Msanifu anayezungumzia hewa ya asili bila kujibu hayo ameacha kazi nusu.

Kuna mahali pamoja ambapo nimeshawishika kabisa na upande wa vyumba, napo ni leba. Mwanamke anayejifungua hapaswi kuonekana na kila anayepita mlangoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linapendekeza kwamba mzazi awe na mtu amtakaye pembeni yake, lakini katika leba ya wazi mume au hata mama yake anazuiwa mlangoni, kwa sababu ndani kuna wanawake wengine wamelala bila nguo. Hapo ramani ya jengo ndiyo inayomnyima haki yake, hata kama kila mkunga aliye zamu ana moyo mwema.

Kwa hiyo fedha za mradi zikitosha vyumba vinne tu, ningetoa viwili kwa leba, kimoja kwa anayekohoa na hajapimwa, na cha nne kwa mgonjwa aliye mahututi asiyetarajiwa kupona, ndugu zake wapate kumzunguka. Zilizobaki ziende kwenye wodi ya wazi: ukuta wa kifuani katikati, pazia kila kitanda, sinki lenye maji mlangoni na siyo nyuma ya kabati, madirisha ambayo nesi anayafikia kwa mkono. Na muuguzi mkuu wa wodi aitwe mezani kabla mchoro haujapigwa muhuri, si siku ya kukata utepe.