Nyumbani fundi ni chee, ila gari halipungui gharama

Wabongo wa Uingereza tukikutana, mazungumzo ya magari hayachukui muda kufika palepale: huku fundi ni ghali mno, nyumbani ni chee. Mimi nina Defender kuukuu huku, injini ya dizeli iitwayo 300Tdi, na nyumbani kuna Land Cruiser mkonga ya familia yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ. Yote mawili sevisi zake zinatoka mfukoni mwangu, na yote mawili hayajawahi kukanyaga gereji ya kampuni iliyoyauza. Yanatunzwa na mafundi wanaojitegemea. Kauli ya "nyumbani ni chee" naona inahesabu mstari mmoja tu wa bili.

Tuanze na gari lenyewe, maana wengi wanaolalamika wametoka kwenye gari dogo. Gari dogo ukimwaga oili ya injini na kubadili filta, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Defender ya zamani ina oili sehemu saba: injini, gia boksi, transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma, difu ya mbele, difu ya nyuma, na yale matufe mawili ya chuma yanayogeuka na magurudumu ya mbele. Hapo hujagusa propela shafti mbili zinazotaka grisi, wala sili zinazovuja kwa sababu zimezeeka tu. Mkonga nao haupungukiwi sana na hayo. Kwa hiyo hata gari likiwa zima kabisa, kuna mtu lazima alale chini yake kwa saa kadhaa. Saa hizo zipo popote duniani. Suala ni nani anazilipia, na anazilipia wazi au kwa mlango wa nyuma.

Huku zinalipiwa wazi. Bili ya gereji ina saa za fundi, ina spea, halafu inapigwa VAT ya asilimia 20 juu ya vyote. Klachi ndiyo mfano unaouma. Seti ya klachi ya Defender si spea ya kutisha kwa bei, lakini kuifikia ni lazima gia boksi na transfa vishushwe, vizito kama nini, kisha virudishwe. Saa za fundi zinaipita bei ya spea kwa mbali. Mara ya kwanza kuona bili ya namna hiyo nilidhani wamekosea kujumlisha.

Ila spea huku haina kigugumizi. Fundi anakuuliza: unataka ya boksi lenye nembo ya gari, unataka ya kiwanda kilekile kinachoitengenezea kampuni ya gari lakini boksi halina nembo, au unataka ya bei rahisi ambayo hatakuhakikishia? Unachagua, anaandika. Naye si malaika, anaongeza chake kwenye spea, tena wengi wanaongeza. Lakini kipo kwenye karatasi, na ukiona kimezidi unaenda kununua mwenyewe mtandaoni. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inamtaka afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, na kama hamkupatana bei, akutoze bei ya haki. Sijawahi kuifikisha huko. Inatosha kwamba yeye anaijua.

Kinachonimaliza huku si fundi, ni chumvi. Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili zisigande, na chesisi ya Defender ni ya chuma ingawa bodi yake kubwa ni ya alumini. Watu wanasifia bodi isiyoshika kutu, huku chini mifupa inaliwa. Kila mwaka gari linakaguliwa, ukaguzi wa MOT, ambao ada yake kwa gari la kawaida haiwezi kuzidi pauni 54.85. Hiyo ni hela ndogo. Hela kubwa ni pale mkaguzi anapogonga chesisi karibu na mshikio wa springi, kipande kikadondoka. Hapo ni kuchomelea, na kuchomelea ni saa, na saa nimeshazieleza.

Sasa nyumbani. Niseme kwanza sifa, kwa sababu wenzangu wakiwa huku wana tabia ya kumdharau fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mpaka siku wanayomhitaji. Staata ikiungua huku, inatupwa na kununuliwa nyingine. Kule kuna mtu ataifungua, ataisuka upya, ataipima kwa betri mbele yako na kuirudisha siku hiyohiyo. Bushi ambayo haipatikani inachongwa. Lifu ya springi iliyokatika inatafutiwa nyingine ya kipimo chake, inafungwa, gari linarudi barabarani. Ni ujuzi ambao huku umebaki kwa wazee wachache wa gereji za Land Rover, na wao wanajua thamani yake, ndiyo maana wanautoza.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Fundi wa nyumbani tunamlipa kana kwamba hana ujuzi huo. Akitaja hela ya ufundi, tunashtuka, tunacheka, tunamkatia nusu, halafu tunamwita ndugu yangu. Kutokana na nusu ile anamlipa mwenye eneo, anampa kijana anayemshikia spana, anakula, anapeleka nyumbani. Haitoshi, kila mtu anajua haitoshi. Basi anaenda dukani kutafuta spea na kule anapata cha juu. Duka linamwandikia risiti ya bei anayoitaka, na mwenye gari anaondoka akijisifu kwamba ufundi alilipa kidogo.

Mtu akisema huo ni wizi, sawa, lakini aangalie matokeo yake, maana hayaishii kwenye hela. Mtu anayeishi kwa cha juu ana sababu ya kubadilisha kitu ambacho kingesafishwa tu. Ana sababu ya kuchukua spea ya bei ya chini kabisa na kuiandika ya bei ya juu, kwa kuwa nafasi ya katikati ndiyo mshahara wake. Taimingi belti ya 1HZ, ule mkanda unaopanga mwendo wa vali za injini, inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukifungiwa feki iliyolala kwenye boksi zuri, hesabu ya kilomita haina maana tena. Ndiyo maana kule Kariakoo mtu mwenye akili anaweza kuchagua staata au gia boksi ya mtumba kutoka Japani akaacha mpya asiyoijua. Mtumba angalau umeshajaribiwa na mtu mwingine. Belti na sili usinunue mtumba, lakini, hata ukibembelezwa.

Gharama nyingine ambayo haiandikwi ni kukaa. Huku naacha ufunguo, napanda basi, naenda kazini. Nyumbani shemeji yangu anashinda gerejini siku nzima kwenye kiti cha plastiki, maana akiondoka gari linaweza kufunguliwa spea moja nzima ikavishwa gari lingine. Siku yake ya kazi imekwenda. Nani ameihesabu? Na mimi nikiwa ndiye ninayetuma hela, habari zikishafika gerejini kwamba gari ni la mtu wa Ulaya, bei inavimba kabla boneti haijafunuliwa.

Nilichofanya ni kuongea na fundi mwenyewe kwa simu, bila kumpitishia shemeji. Nikamwambia hela ya ufundi naipandisha zaidi ya mara mbili, na atapewa siku ya kazi, si "nitakuona mwisho wa mwezi". Kwa upande wake, spea nitalipia mimi dukani moja kwa moja, kwa namba ya spea na picha, na zilizotolewa zinawekwa kwenye ndoo shemeji azione. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bosi, hapo unaniongezea riziki au unaniondolea?" Swali la haki kabisa. Tulihesabu pamoja, tukaona akifanya kazi bila kukimbizana na maduka anaweza kumaliza gari jingine wiki hiyohiyo.

Jumla ya bili haikushuka, msinielewe vibaya. Ilibaki palepale, kwa sababu spea halisi ina bei yake. Kilichobadilika ni kwamba shokapu zilizokuwa zibadilishwe ziliachwa, bushi zake tu ndizo zilizokuwa zimekufa, na shemeji hashindi tena kwenye kile kiti. Wenzangu wawili watatu wameniambia nimeharibu soko, kwamba sasa fundi atawatoza na wao. Natumaini atafanya hivyo.

Kuna wanaosema njia iliyobaki ni kuuza magari haya na kununua kitu cha kisasa chenye kompyuta. Kwa London siwabishii: tangu Agosti 2023 ukanda wa hewa safi umefika jiji zima, na dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 inalipa pauni 12.50 kila siku inapotembea. 300Tdi haifiki huko hata kwa dua. Lakini kwa nyumbani, gari ambalo haliwezi kutengenezwa bila kuunganishwa na kompyuta ya kampuni ni gari litakalolala Dodoma likisubiri mtu kutoka Dar. Pampu ya 1HZ haina kompyuta. Inataka fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na hao bado wapo. Kwa hiyo mkonga unabaki. Defender nimeshaipiga picha za kuuzia, ila naona aibu kupiga ya chini.