Mkungu wa ndizi na thawabu iliyokwisha kulipwa

Desemba ikifika, barabara zinazopanda migombani kutoka Moshi mjini hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi. Makanisa nayo hufurika. Ibada ikiisha, mnada unaanza pale nje: kuku, mayai, maparachichi, mikungu ya ndizi, sadaka za wale ambao siku hiyo hawakuwa na fedha mkononi.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hapo mkungu wa ndizi mshare kwa shilingi 150,000. Sokoni Mbuyuni ningeupata kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Mnadishaji alitaja jina langu mara tatu, akataja na la marehemu baba, kina mama wakapiga vigelegele. Nilianza na elfu ishirini, nikawa napandisha kila nilipoona mwenzangu niliyesoma naye anapandisha. Mungu hakuwemo mawazoni mwangu. Alikuwemo yule mwenzangu.

Jioni mama akaniuliza, "Mwanangu, huu mkungu umetoka shamba la nani?" Sikujua. Hakuna aliyeuliza. Mtu aliyeupalilia mgomba ule, akaukata mkungu na kuubeba kichwani alfajiri mpaka kanisani, hakutajwa hata mara moja. Makofi yote yalikwenda kwa mnunuzi.

Tangu siku hiyo Mathayo 6 inanichoma. Yesu anataja sadaka, kisha sala, kisha kufunga, na mara zote tatu anasema juu ya wapenda kuonekana: wamekwisha kupata thawabu yao. Neno la Kigiriki lililotumika pale, apekho, ndilo lililoandikwa kwenye stakabadhi za malipo za zama zile: nimepokea, sidai tena. Kwa hiyo hawanyimwi kitu. Wanalipwa papo hapo, na hesabu inafungwa. Vigelegele vile vilikuwa risiti yangu.

Wapo watakaonijibu kwa Mathayo 5:16, kwamba nuru yetu iangaze mbele ya watu. Ni kweli, lakini mstari uleule unamalizikia kwa Baba aliye mbinguni kutukuzwa. Siku ile aliyetukuzwa nilikuwa mimi.

Namfikiria sana yule mjane wa Marko 12 na senti zake mbili. Yesu alipomwona, aliwaita wanafunzi wake akawaambia habari zake. Mjane mwenyewe hakumwita. Hatusomi popote kwamba mama yule alisikia sifa ile. Yaelekea alirudi nyumbani bila kujua kwamba ametazamwa. Sisi tungemsimamisha mbele na kumpa kipaza sauti. Au, kwa senti mbili, tusingelisoma jina lake kabisa, na hilo ndilo linaloniuma Jumapili tunaposomewa majina na kiasi, huku mwenye mia tano akiinamisha kichwa.

Mnada siupingi, umeezeka makanisa mengi huku kwetu. Ombi langu kwa wazee wa usharika ni kwamba jumla itangazwe, mahesabu yabandikwe ubaoni, na majina yabaki kwenye daftari la mhasibu. Mzee mmoja niliyemweleza alisema sadaka zitapungua. Huenda zikapungua kweli. Mimi niko radhi tuchelewe kuezeka kwa mwaka mmoja, ili tujue ni kiasi gani tulikuwa tunamtolea Mungu na kiasi gani tulikuwa tunanunulia makofi.